Dudek: Nafasi ya Mtu Mmoja

Ijumaa ya Agosti 31, 2001, Liverpool ilisajili makipa wawili kwa siku moja. Mmoja alikuwa Chris Kirkland, kijana wa miaka 20 kutoka Coventry City, ambaye Waingereza walikwishaanza kumwandalia jezi ya timu ya taifa. Wa pili alikuwa Jerzy Dudek, Mpolandi wa miaka 28 aliyekuwa akidakia Feyenoord ya Uholanzi. Kipa waliyemkuta, Mholanzi Sander Westerveld, hakuwa majeruhi wala hakuwa ameomba kuondoka. Miezi mitatu nyuma alikuwa amebeba Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA ndani ya msimu mmoja, na Agosti hiyohiyo akaongeza Super Cup ya Ulaya mbele ya Bayern Munich. Kilichomponza kilitokea Jumatatu ya wiki ileile, pale shuti la Dean Holdsworth wa Bolton lilipomponyoka katika dakika za lala salama na Liverpool ikalala 2-1. Siku nne baadaye kocha Gérard Houllier alikuwa na makipa wapya wawili. Desemba Westerveld akafungasha kwenda Real Sociedad.

Wengi wakimzungumzia Dudek huanzia Istanbul, kwenye fainali ya Ulaya ya 2005 dhidi ya Milan. Ila Istanbul bila ile Ijumaa ni nusu ya habari. Winga akikosa namba kushoto, kocha anaweza kumjaribu kulia, au akamvuta nyuma awe beki. Kipa akikosa namba hana pa kuhamia, atakaa benchi amtazame mwenzake. Dudek aliipitia nafasi hiyo kila upande: aliisubiri, akampokonya mtu, naye akapokonywa, na mwisho akakaa kando yake miaka minne kwenye klabu kubwa kuliko zote za Hispania, akijua kabisa kwamba haitakuwa yake.

Alizaliwa Rybnik, Machi 23, 1973, akakulia upande wa Knurów. Huko ni Silesia, kusini mwa Poland, eneo la makaa ya mawe ambako mtoto wa kiume alijua mapema kwamba kazi ipo, na kazi yenyewe ipo chini ya ardhi. Baba yake alikuwa mchimba migodi, na yeye mwenyewe alipitia shule ya mafunzo ya migodi. Mpira aliuchezea Concordia Knurów, timu ya madaraja ya chini, hadi umri ambao vijana wa Ulaya Magharibi wenye kipaji kama chake huwa wamekwishauzwa mara mbili. Ligi kuu ya Poland aliionja msimu mmoja tu, akiwa na Sokół Tychy, mechi 15. Mwaka 1996, akiwa na miaka 23, Feyenoord ikamchukua.

Wapolandi huwa hawashangai kipa wao akitakiwa nje. Nchi hiyo inamkumbuka Jan Tomaszewski, ambaye Oktoba 17, 1973 alisimama langoni Wembley akapangua karibu kila kilichopigwa na Waingereza. Mechi ikaisha 1-1, Uingereza ikakosa Kombe la Dunia la 1974, na kocha Brian Clough, aliyemwita mchekeshaji kwenye televisheni, akabaki na maneno yake mdomoni. Inamkumbuka pia Józef Młynarczyk, aliyekuwa langoni Porto ilipoifunga Bayern fainali ya Ulaya ya 1987. Hata Papa Yohane Paulo II, ujanani mwake Wadowice, alikuwa akidaka.

Huko Feyenoord, Rotterdam, hata hivyo, Dudek alipewa kiti kabla ya glovu. Namba ilikuwa ya Ed de Goeij, kipa wa timu ya taifa ya Uholanzi, na Dudek alikaa msimu mzima akimtazama. Chelsea ilipomnunua De Goeij mwaka 1997, mlango ukafunguka, na Mpolandi hakuuachia tena. Mwaka 1999 Feyenoord ilitwaa ubingwa wa Uholanzi, yeye akatajwa kuwa kipa bora wa nchi. Wakati Houllier anapiga simu, alikuwa ana miaka minne ya kucheza karibu kila wiki.

Msimu wake wa kwanza Anfield, uwanja wa Liverpool, ulikuwa mzuri kiasi cha kufanya watu wamsahau Westerveld. Alianza kwa kufungwa 3-1 na Aston Villa, kisha akatulia. Liverpool ikamaliza ya pili kwa pointi 80, na wakati huohuo Poland ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986, ikibebwa mbele na Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria aliyepewa uraia mwaka 2000. Korea na Japan hazikuwa na heri. Korea Kusini iliwafunga 2-0, Ureno ikawapiga 4-0, na mechi ya tatu waliyoshinda dhidi ya Marekani Dudek hakudaka.

Halafu ikaja Novemba 2002. Middlesbrough walipata bao baada ya Dudek kuukosa mpira wa juu aliotakiwa kuudaka akiwa amefumba macho. Desemba mosi Manchester United wakaja Anfield. Jamie Carragher alimrudishia mpira kwa kichwa, mpira wa taratibu, wa kupokea kwa mikono miwili huku unafikiria pa kuupeleka. Ukampita katikati ya miguu. Diego Forlán alikuwa nyuma yake, akausukuma nyavuni mwa goli tupu. Dakika tatu baadaye Forlán akafunga la pili. United 2, Liverpool 1. Mshambuliaji akipigwa tobo, watu hucheka wakasahau kabla ya kona inayofuata. Kipa akipigwa tobo na beki wake mwenyewe, tena mbele ya United, itarudiwa kwenye kila runinga hadi siku anastaafu.

Houllier akafanya alichokifanya kwa Westerveld, akamweka Kirkland. Hapo ndipo ilipoonekana kwa nini alinunua wawili. Lakini Kirkland aliumia goti Januari kwenye Kombe la FA, Dudek akarudishwa kwa sababu hakukuwa na mwingine. Machi 2, 2003, fainali ya Kombe la Ligi, Cardiff, mbele ya United walewale, Dudek alizuia kila kitu. Liverpool ikashinda 2-0, mabao ya Steven Gerrard na Michael Owen, na mchezaji bora wa mechi akawa kipa. Miezi mitatu tangu lile tobo. Kwangu mimi hii ndiyo mechi bora ya maisha yake, na ni nadra kumsikia mtu kijiweni akiitaja.

Twende sasa Istanbul.

Kocha Rafael Benítez alikuwa ndiyo kwanza anamaliza msimu wake wa kwanza, na mtu asidhani alimwamini Dudek kupindukia. Usiku ule Gerrard alipofumua shuti la kuiondoa Olympiacos Desemba 2004, langoni alikuwa Kirkland. Robo fainali ya kwanza dhidi ya Juventus alidaka Scott Carson, kijana aliyesajiliwa Januari. Dudek mwenyewe aliwapa Bayer Leverkusen bao la bure mwishoni mwa mechi waliyokuwa wakiongoza 3-0. Alifika fainali kwa sababu alikuwa mzima wa afya na mwenye uzoefu, na kwa sababu Turin kwa Juventus na dhidi ya Chelsea hakuruhusu bao.

Jumatano ya Mei 25, 2005, saa ya Istanbul ilikuwa sawa na ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mpira ulianza saa 3:45 usiku, na aliyekuwa kwenye kibanda umiza Manzese au Kawangware alikuwa kwenye saa ileile na aliyekaa jukwaani Atatürk. Dakika ya kwanza haijaisha, Paolo Maldini akafunga. Hernán Crespo akaongeza mawili kabla ya mapumziko, la pili akilinyanyua juu ya Dudek kwa ustadi ambao kipa hana cha kuufanyia. Tatu bila. Mashabiki wa Milan na wale wa United, ambao usiku huo walikuwa wote Milan, waliagiza soda.

Kipindi cha pili hadithi yake inajulikana: Gerrard dakika ya 54, Vladimír Šmicer ya 56, Xabi Alonso ya 60 baada ya kipa wa Milan, Dida, kuupangua mkwaju wake wa penalti na yeye kuuwahi uliorudi. Dakika sita. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya hapo Liverpool ilichoka, Carragher alikuwa anacheza huku misuli imembana, na Milan wakarudi kuutawala mpira. Saa nzima iliyobaki ilikuwa ya mabeki na kipa.

Dakika ya 117. Serginho anapiga krosi kutoka kushoto, Andriy Shevchenko anaruka peke yake karibu na goli na kuupiga kichwa cha kushuka chini, cha kitabuni. Dudek anaupangua kwa mikono, lakini mpira unarudi palepale alipo Shevchenko, hatua moja au mbili kutoka mstarini, kipa yuko chini. Mshindi wa Ballon d'Or ya 2004 anaupiga kwa nguvu zake zote. Dudek, akiwa bado anainuka, anatupa mkono juu na mpira unapaa juu ya mwamba. Tazama marudio polepole uone mkono ule: haukuwa ukifuata mpira, muda wa kuufuata haukuwepo. Aliuweka mahali ambapo mpira ungeweza kupita, ukapita hapohapo. Watu huita bahati. Makipa wenyewe wanajua kwamba mazoezini hiyo ndiyo kazi ya kutwa: kuuokoa wa kwanza, kuinuka, kuziba, kuuokoa wa pili, mara mia. Silikatai neno bahati. Ila Dudek alikuwa mahali ambapo bahati ingeweza kumpata.

Ikawa penalti, na saa zilikwishavuka sita usiku, kwa hiyo vitabu vinavyoandika Mei 25 vinasahau kwamba kombe lilipatikana tarehe 26. Kabla ya mikwaju Carragher alimkimbilia Dudek na kumshika, akimfokea kama mzazi anayemtuma mtoto dukani mara ya tatu: akumbuke alichofanya Bruce Grobbelaar. Huyo alikuwa kipa wa Zimbabwe, mzaliwa wa Durban aliyekulia Rhodesia na kupigana katika jeshi lake kabla ya kufika Anfield. Fainali ya Ulaya ya 1984, Roma, mbele ya mashabiki wa Roma kwenye uwanja wao, Grobbelaar aliilegeza miguu mstarini kama mlevi. Bruno Conti akapaisha, Francesco Graziani akagonga mwamba, Liverpool ikachukua kombe. Carragher alikuwa mtoto wa miaka sita wakati huo. Miaka 21 baadaye dawa ileile aliyoileta mtu wa Zimbabwe ikanyweshwa Mpolandi.

Dudek akaanza kucheza. Aliyumba kushoto na kulia, akapunga mikono, akaruka mstarini kama anayekanyaga kaa la moto. Serginho akapaisha. Dietmar Hamann akafunga. Andrea Pirlo akapiga kulia kwa Dudek, Dudek akalala na kuutoa. Djibril Cissé akafunga. Jon Dahl Tomasson akafunga, John Arne Riise akazuiwa na Dida, Kaká akafunga, Šmicer naye akafunga. Akabaki Shevchenko, aliyefunga mkwaju wa ushindi wa fainali ya 2003 dhidi ya Juventus. Alipiga katikati. Dudek alikuwa amekwishaanguka kulia kwake, ila mkono wa kushoto ulibaki nyuma, ukaukuta mpira. 3-2.

Hapa mashabiki wa Milan wana hoja ambayo sisi wa upande wa pili hupenda kuiruka. Sheria iliruhusu kipa, tangu 1997, kusogea kando juu ya mstari, lakini ilimtaka abaki mstarini hadi mpira upigwe. Mkwaju wa Pirlo unamkuta Dudek akiwa hatua kadhaa mbele. Mwamuzi Manuel Mejuto González hakupuliza, kama ambavyo waamuzi wa enzi hizo hawakupuliza karibu mahali popote. Tangu 2019 kipa anatakiwa kuwa na walau mguu mmoja mstarini, na VAR ipo kuangalia. Mwaka 2023 ikaongezwa kwamba asimvuruge mpigaji isivyo haki. Kwa sheria za leo Pirlo angerudia. Pirlo aliandika baadaye kwamba baada ya usiku ule alifikiria kuacha mpira kabisa. Dudek alifanya alichoachiwa kufanya, na kipa yeyote mwenye akili angefanya hivyohivyo.

Wiki sita hazikuisha. Julai 2005 Benítez akamsajili Pepe Reina kutoka Villarreal na kumkabidhi namba. Kipa aliyetoka kuipa klabu ubingwa wa Ulaya kwa mikono miwili akawa msaidizi. Ni unyama? Wengi walisema hivyo, na Dudek mwenyewe aliumia. Mimi namwelewa Benítez. Aliyatazama mabao ya kizembe ya Leverkusen na Middlesbrough, akamtazama Reina mwenye miaka 22 anayecheza kwa miguu kama kiungo, akafanya hesabu ya misimu mitano ijayo badala ya usiku mmoja. Hesabu ikatoka sawa: Reina alichukua Glovu ya Dhahabu ya ligi misimu mitatu mfululizo. Houllier alikuwa amemfanyia Westerveld hesabu ya namna hiyohiyo, na aliyefaidika safari ile alikuwa Dudek.

Kukaa benchi kulimgharimu zaidi kwao Poland. Mei 2006 kocha Paweł Janas alitangaza kikosi cha Kombe la Dunia, Dudek hayumo. Akawachukua Artur Boruc, Tomasz Kuszczak na Łukasz Fabiański. Wiki mbili baadaye, mechi ya kirafiki Chorzów, kipa wa Colombia Luis Martínez alipiga mpira mrefu kutoka eneo lake, ukadunda, ukamruka Kuszczak na kuingia. Kipa kufungwa na kipa. Nchi nzima ikauliza Dudek yuko wapi. Janas hakubadili kitu.

Mechi alizobakishiwa Liverpool nazo zilikuwa za kukomoa. Januari 2007, ndani ya siku nne, Arsenal walifika Anfield mara mbili, 3-1 Kombe la FA na 6-3 Kombe la Ligi. Dudek alikuwa langoni zote mbili. Katika ile ya pili Júlio Baptista alifunga manne, na Dudek bado alimzuia penalti. Mei ile Liverpool na Milan wakakutana tena fainalini, Athens safari hii, na Dudek akaitazama kutoka benchi Filippo Inzaghi akifunga mawili. Aliondoka akiwa na mechi 186.

Umri ulikuwa 34. Angeweza kwenda timu ya kati akacheza kila Jumamosi. Akasaini Real Madrid, ambako Iker Casillas alikuwa hajui kuumia wala kuchoka. Misimu minne, mechi mbili za ligi. Alipewa za Kombe la Mfalme na chache za Ulaya zisizo na uzito, na hata mojawapo ya hizo, dhidi ya Auxerre Desemba 2010, aliitoka kabla ya mapumziko akiwa ameumia taya. Akajikusanyia medali ya ligi ya 2008 na ya Kombe la Mfalme la 2011.

Tukio lake maarufu zaidi Hispania alilifanya bila kuingia uwanjani. Novemba 2010, Amsterdam, Madrid inaipiga Ajax 4-0 na kocha José Mourinho anataka Xabi Alonso na Sergio Ramos wapate kadi ya pili ya njano, watumikie adhabu kwenye mechi isiyo na maana na waingie mtoano wakiwa safi. Ujumbe ulipita benchi: Mourinho akamnong'oneza Dudek, Dudek akasogea hadi kwa Casillas, Casillas akaufikisha kwa wahusika. Wote wawili wakatolewa kwa kuchelewesha mpira, kwa uigizaji ambao hata watoto wangeutilia shaka. UEFA ikatoza faini mlolongo mzima, na katika orodha hiyo, chini kabisa, alikuwepo kipa wa akiba: euro 5,000 kwa kupeleka salamu.

Wenzake walimpenda, na siku ya mwisho ilionyesha. Mei 21, 2011, Bernabéu, Mourinho alimwanzisha dhidi ya Almería. Madrid ilishinda 8-1, na alipotolewa kipindi cha pili mechi ilisimama, wachezaji wakapanga mistari miwili akapita katikati yao huku wakimpigia makofi. Heshima hiyo kwa kawaida hupewa mabingwa, na wanaoitoa ni wapinzani. Yeye alipewa na waliomwona mazoezini kila asubuhi kwa miaka minne, wakampigia mashuti maelfu ambayo hayakuandikwa popote.

Baada ya glovu alijaribu mashindano ya magari, akacheza gofu, akawa mtu wa kuitwa kwenye mechi za wakongwe. Poland, hata hivyo, ilikuwa na hesabu moja isiyofungwa. Shirikisho la soka la nchi hiyo lina klabu ya heshima ya wachezaji waliotumikia taifa, na kizingiti chake wakati ule kilikuwa mechi 60. Dudek alikuwa nazo 59. Juni 4, 2013, akiwa na miaka 40, miaka miwili tangu astaafu, aliitwa Kraków kudaka mechi ya kirafiki dhidi ya Liechtenstein. Alianza, akadaka dakika 34 bila kufungwa, akampisha Boruc.